Kupandisha Riwaya Jukwaani Katika Ukumbi Mdogo: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Kusadikika

Riwaya ikipelekwa jukwaani huwa na adui mmoja mkubwa, naye ni msimulizi. Kitabuni ndiye anayetuvusha miaka kumi kwa aya moja na kutuambia mtu anafikiri nini. Jukwaani anageuka mtu aliyesimama pembeni akieleza mambo ambayo watazamaji wamelipa kiingilio wayaone. Kazi ya kugeuza riwaya ni kutafuta tukio moja linaloweza kutokea sasa hivi mbele ya watu, kisha kulibebesha mengine yote. Ukilipata tukio hilo, hati, mandhari, taa na mazoezi yote yanapata pa kuanzia.

Mwongozo huu umepangwa kwa ukumbi wa viti 150 hivi wenye sakafu bapa, jukwaa la mita 7 kwa 5, waigizaji wanane, mafundi na wasaidizi wanne, na umeme wa kawaida wa jengo. Kumbi nyingi za mikoani ziko hivyo. Mfano wetu ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, kwa sababu tukio la sasa limo tayari ndani yake: ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria katika nchi iliyo angani. Mshtaki ni Waziri Majivuno, mbele ya Mfalme wa nchi hiyo. Utetezi wa Karama ni hadithi za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na faida kwa nchi yao na kuishia kifungoni. Mahakama moja, siku chache, maisha ya mtu yako hatarini. Riwaya inayotembea mikoa mitatu na vizazi viwili ni kazi nyingine kabisa, na kikundi kinachoanza kisiiguse.

Haki na vibali kabla ya mstari wa kwanza

Usianze kuandika kabla ya kujua kama unaruhusiwa. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inalinda haki za kiuchumi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hesabu hiyo inaishia 2012. Hata hivyo, peleka barua COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, na kwa mchapishaji wa toleo unalolitumia, upate jibu la maandishi, kwa sababu utangulizi, maelezo na uhariri wa toleo jipya vinaweza kuwa na mwenyewe. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA. Kenya nenda KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Kwa mwandishi aliye hai au aliyefariki miaka ya karibuni hakuna njia ya mkato: unahitaji ruhusa ya maandishi inayotaja idadi ya maonyesho, ukumbi, lugha, na kama mtarekodi video au la. Kipengele cha video ndicho husahaulika, na ndicho huleta ugomvi onyesho likishawekwa mtandaoni.

Nyinyi wenyewe pia mwandikiane. Hati mpya ya jukwaani ina haki zake kwa kile mlichokiongeza. Karatasi moja inayosema nani kaandika, nani anaweza kuichukua akaiigize kwingine, na mapato yagawanywe vipi, ikisainiwa kabla ya mazoezi, inatosha.

Kwa kibali cha maonyesho Tanzania Bara, anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri ukiwa na nakala mbili za hati, barua ya ukumbi na tarehe. Yeye ndiye atakayekuelekeza kuhusu usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na ukaguzi wa hati. Mpe wiki sita. Anayepeleka hati wiki moja kabla ya onyesho amejitafutia presha bure.

Tarehe na fedha

Pwani, bati likipigwa na mvua ya masika hakuna sauti ya mwigizaji itakayosikika. Epuka Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba ambapo vuli huja bila taarifa. Julai na Agosti ndiyo miezi mizuri: ukumbi una ubaridi kiasi, unaweza kuzima mapangaboi, na shule zimefunguliwa. Angalia kalenda ya Ramadhani, inayorudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka. Onyesho la usiku lianze saa 2:15, baada ya watu kuswali isha. Likianza saa 1:30, adhana itaingia katikati ya mashtaka, na nusu ya watazamaji watafika wamechelewa.

Hesabu ya fedha ianze kwa mapato, si kwa matamanio. Mfano: maonyesho matatu ya usiku na matatu ya asubuhi kwa shule. Usiku kuna viti 450. Kadiria asilimia 45, yaani watu 200 kwa shilingi 10,000, upate 2,000,000. Asubuhi viti ni vilevile 450, na wanafunzi huja kwa mabasi, kwa hiyo kadiria asilimia 70, yaani 315 kwa shilingi 3,000, upate 945,000. Jumla ni 2,945,000. Basi bajeti isizidi 2,900,000, na mfadhili akipatikana awe nyongeza tu. Mgawanyo unaofanya kazi: ukumbi na umeme asilimia 25, nauli na chakula cha kikundi 35, mandhari na mavazi 20, matangazo 10, akiba 10. Nauli ndiyo humshangaza mtayarishaji mgeni. Watu 12 kwa siku 32 za mazoezi, kila mmoja 2,000 kwa siku, tayari ni 768,000, na onyesho bado. Punguza kwa kuita watu wa sehemu inayofanyiwa kazi siku hiyo tu. Malipo ya waigizaji hayamo kwenye hesabu hii. Kama watagawana kinachobaki, waambiwe hivyo siku ya kwanza, mbele ya wote.

Hati

Soma kitabu mara tatu. Mara ya kwanza usiandike kitu. Mara ya pili andika kila tukio kwenye kadi yake: nani anataka nini, nani anamzuia, na mwishoni nini kimebadilika. Kadi isiyo na jibu la swali la tatu ni masimulizi, iweke kando. Mara ya tatu chora mstari chini ya kila sentensi ambayo mhusika anaweza kumwambia mhusika mwingine usoni. Sentensi hizo ndizo mtaji wako.

Sasa pima urefu. Mwigizaji asiyekimbilia husema maneno 100 hadi 120 ya Kiswahili kwa dakika. Onyesho la dakika 90 lina dakika 15 hivi za ngoma, mwendo na kimya, kwa hiyo hati iwe na maneno 8,000 hadi 8,500. Usiamini hesabu ya karatasi peke yake: someni kwa sauti mezani, saa mkononi. Hati inayotumia dakika 80 mezani itafika 95 jukwaani.

Kusadikika ina mtego wake. Hadithi sita zikipewa uzito sawa, mtazamaji atajua baada ya ya pili kwamba mjumbe ataondoka, ataona maajabu, atarudi, atafungwa. Atabaki anahesabu zilizobaki. Mgawanyo huu huepusha hilo: mashtaka dakika 9, hadithi ya kwanza 15, ya pili 10, ya tatu 5, ya nne 13, ya tano 5, ya sita 12, hukumu 11, na vipande vitano vya mahakama katikati yake vya dakika mbili mbili. Jumla ni 90. Hadithi fupi mbili ndizo zinazookoa zile ndefu.

Kila moja ipate namna yake ya kuonyeshwa. Ya kwanza iigizwe kikamilifu, ili watu wajue utaratibu. Ya pili isimuliwe na watu watatu wanaopokezana sentensi. Ya tatu iwe ngoma na mwendo bila neno. Ya nne Majivuno aikate kwa maswali, ili ushahidi utoke kwa kuvutana. Ya tano, ya mbinguni, iwe kivuli nyuma ya shuka. Ya sita Karama aiseme peke yake, karibu na watu, bila kifaa chochote.

Lililo kubwa zaidi ni hili: kila hadithi lazima ibadilishe kitu mahakamani. Baada ya ya kwanza Majivuno acheke. Baada ya ya pili aanze kudakia. Baada ya ya tatu amwombe Mfalme kesi ifungwe. Baada ya ya nne mwananchi mmoja ahame upande aliokaa. Baada ya ya tano Mfalme mwenyewe aulize swali. Baada ya ya sita Majivuno akose la kusema. Usitafute hatua hizi kitabuni. Kitabu hakizihitaji, jukwaa linazihitaji, na mwenye kuigeuza riwaya ndiye wa kuzitunga.

Wengi hushawishika kufungua kila hadithi kwa "Paukwa!" na watu wakajibu "Pakawa!". Hapa hilo linaharibu. Mwito huo humwambia msikilizaji kwamba kinachofuata ni ngano, na Karama anatoa ushahidi. Kesi yake yote inategemea kuaminiwa. Utumie katika riwaya nyingine.

Kuhusu lugha: sentensi za Shaaban Robert zina mizani, kipande cha kwanza kinangojea cha pili. Ukikata katikati unabaki na kipande kinachoning'inia na mwigizaji asiyejua ashushe sauti wapi. Afadhali uitoe sentensi nzima na kuiacha jirani yake kama ilivyo. Maneno ya Karama na Majivuno yabaki ya kitabu kadiri iwezekanavyo. Mistari utakayoitunga mwenyewe wape wananchi na askari, iwe mifupi, isijaribu kuiga fahari ya mwandishi. Uigaji huo husikika mara moja.

Waigizaji wanane

Karama, Majivuno na Mfalme wabaki katika nafasi moja mwanzo hadi mwisho. Watano waliosalia ndio wajumbe, wageni wa nchi za mbali, askari na wananchi. Chora jedwali: majina ya waigizaji upande wa kushoto, matukio juu, nafasi katikati. Mtu akitoka kama askari na kurudi kama mjumbe, aachiwe si chini ya dakika moja. Jedwali likionyesha mtu mmoja katika nafasi tatu mfululizo, hati ndiyo ibadilike. Mwigizaji hana miguu ya ziada. Usimtumie mwigizaji wa Mfalme kama mfalme wa nchi nyingine hata kama ni nafuu: watu watadhani unawaambia kwamba ni yuleyule.

Karama asitoke jukwaani hata mara moja. Ni mshtakiwa.

Kitabu kina wanaume wengi kuliko kikundi chochote cha leo. Viambishi vya nafsi katika Kiswahili havibagui mwanamke na mwanamume, kwa hiyo wajumbe waweza kuchezwa na wanawake bila kugusa hati, isipokuwa "Bwana" wachache. Wahitimu wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ni mahali pazuri pa kuanzia ukitafuta watu wanaojua ngoma na uigizaji kwa pamoja. Katika majaribio usimpe mtu shairi alilolikariri nyumbani. Mpe aya ndefu ya kitabu aisome mara moja kimoyomoyo, kisha aseme kwa sauti anachokitaka mhusika. Anayeelewa anachokisema huonekana ndani ya dakika mbili.

Jukwaa

Ukumbi bapa una tatizo lisiloonekana hadi siku ya onyesho: kuanzia safu ya tatu hakuna anayeona kitu kilicho sakafuni. Mwigizaji akipiga magoti kwenye jukwaa la chini, amepotea. Kaa mwenyewe safu ya mwisho, mtu akae mbele yako, na msaidizi apige magoti jukwaani. Usipomwona kuanzia kifuani kwenda juu, tukio hilo lihamie kwenye kichanja, yaani jukwaa dogo la mbao lililoinuliwa. Viti navyo vipangwe kwa kupishana, kila kiti kitazame mwanya wa safu ya mbele.

Vichanja vitatu vinatosha. Cha Mfalme kiwe na kimo cha sentimita 60 na ngazi zake za sentimita 20. Kizimba cha Karama 40. Benchi la Majivuno 20. Mpangilio huo wenyewe unaeleza nani yuko juu ya nani. Kila kichanja ni plaiwudi moja ya milimita 18, futi 8 kwa 4, juu ya fremu ya mbao za inchi 2 kwa 4, yenye mikingamo kila sentimita 40, miguu sita, na mbao za mshazari pande zote nne. Usitumie misumari kwenye miguu. Mtu akitembea, msumari hulegea kidogo kidogo. Siku ya tatu kichanja kinalia, ya tano kinayumba. Tumia bolti za milimita 10 na washa, uzikaze upya kila jioni. Juu gundisha zulia kuukuu ili visigino visigonge, pembeni paka rangi nyeusi isiyong'aa.

Nchi iliyo angani usijaribu kuionyesha kwa mawingu ya pamba. Tundika kaniki nyeusi nyuma na kando, acha sentimita 20 chini ya ukingo wa vichanja bila kufunikwa, na weka utepe mmoja wa taa hafifu chini yake. Vichanja vitaonekana kama vimeelea, na umetumia pesa kidogo. Ukuta wa nyuma wa mita 7 unahitaji kitambaa cha mita 10 na nusu kwa upana ili kiwe na mikunjo. Kikikazwa kama shuka ya kitanda, kila mshono na kila kivuli kinaonekana.

Kitambaa chote cha jukwaani kitiwe dawa ya kuzuia moto. Yeyusha gramu 70 za boraksi na gramu 30 za asidi ya boriki katika kila lita ya maji ya moto, loweka hadi kitambaa kilowe kabisa, kamua kidogo, anika bila kusuuza. Vaa glavu. Kisha jaribu nje: kata kipande cha sentimita 30, kining'inize, shika ncha ya chini kwa moto wa kiberiti cha gesi sekunde 12. Ukiondoa kiberiti, moto uzime wenyewe ndani ya sekunde mbili. Usipozima, rudia dawa. Kikifuliwa, dawa imetoka.

Umeme na taa

Hapa ndipo kumbi ndogo huungua, kwa hiyo hesabu kabla ya kukodi. Gawa wati kwa volti 230 upate ampea. Taa nane za halojeni za wati 500 ni wati 4,000, yaani ampea 17.4, soketi moja ya ukutani ni ya ampea 13. Taa nane za LED za wati 120 ni wati 960, ampea 4.2. Kodi za LED. Waya wa ekstensheni ufunguliwe wote: uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi plastiki ikayeyuka, hata mzigo usipokuwa mkubwa. Kila taa iliyo juu ya vichwa iwe na mnyororo wa usalama zaidi ya skrubu yake.

Gawa jukwaa sehemu tatu, kushoto, kati na kulia. Kila sehemu ipate taa mbili za mbele, moja kila upande, zikishuka kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Hizo ni sita. Mbili zilizobaki ziweke nyuma, zimulike mabega ili watu watengane na kaniki. Taa ikitoka mbele moja kwa moja, uso unakuwa bapa. Ikiwa juu sana, macho yanakuwa mashimo.

LED za bei nafuu zenye nyekundu, kijani na bluu pekee hutoa "nyeupe" inayoifanya ngozi nyeusi ionekane ya kijivu. Omba zenye nyeupe vuguvugu ya kelvini 3,000 hadi 3,200, au ambari. Pia usiweke pazia jeupe nyuma ya waigizaji: jicho hujirekebisha kwa weupe ule, na nyuso zinazama gizani hata ukiongeza taa.

Kwa kivuli cha hadithi ya tano, tundika shuka jeupe la mita 3 kwa 2, weka taa mita mbili na nusu nyuma yake. Taa hiyo iwe na chanzo kimoja tu cha mwanga. LED yenye vidoa vingi hutoa vivuli vingi vinavyopishana, na mjumbe wa mbinguni anaonekana ana mikono kumi.

Umeme utakatika. Jenereta la kVA 3 hutoa wati 2,400 hivi, nawe usilibebeshe zaidi ya 1,800. LED zako na spika ndogo zinaingia. Liwekwe nje, mita 6 au zaidi kutoka mlangoni, upande ambao upepo hauleti moshi ndani, kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Lisiunganishwe kwenye soketi ya ukuta bila swichi ya kubadilishia: umeme hurudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayetengeneza. Kati ya kukatika na jenereta kuwaka kuna sekunde 40 hivi. Taa mbili za kuchaji ziwe zimewashwa milangoni muda wote, na waigizaji wajue la kufanya: kubaki walipo, kimya.

Mavazi na ngoma

Vazi la msingi ni moja kwa watano wote, kanzu fupi au shumizi na kikoi, na kila mjumbe atambulike kwa kitu kimoja: kilemba, mkoba, bakora, joho, kofia, kandambili za mti. Kubadilisha kitu kimoja huchukua sekunde tano. Kanzu nyeupe kabisa hung'aa chini ya taa na kuuficha uso, kwa hivyo iloweke kwenye chai ya rangi nusu saa, ikauke. Majivuno avae nguo nzito kuliko wote. Jasho litamtoka kwenye hadithi ya nne, na litafaa.

Ngoma mbili, chapuo na msondo, pamoja na kayamba moja. Ndani ya ukumbi wa kuta tupu msondo humeza maneno, kwa hiyo mpigaji akae nyuma ya pazia la kando, naye asipige chini ya maneno ila katikati yake. Hewa ya pwani hulegeza ngozi. Ngoma iwambwe kwa moto nje, nusu saa kabla ya kuanza, mbali na mapazia na jenereta.

Mazoezi

Kipimo cha kawaida ni saa moja ya mazoezi kwa kila dakika ya onyesho. Wiki nane, siku nne kwa wiki, saa tatu kwa siku ni saa 96. Wiki ya kwanza ni mezani: kusoma, kukata, kukubaliana maana. Wiki ya pili hadi ya nne pangeni nyendo, tukio kwa tukio, vichanja vikiwa vimechorwa sakafuni kwa chaki kwa vipimo halisi. Mwisho wa wiki ya nne hati zinawekwa chini. Wiki ya tano na ya sita fanyieni kazi viungo, yaani jinsi mahakama inavyogeuka safari na safari inavyorudi kuwa mahakama. Onyesho hili linakufa au kuishi hapo, na vikundi vingi huvikumbuka siku ya mwisho. Wiki ya saba pitieni yote mfululizo bila kusimama, hata mtu akisahau. Wiki ya nane ni taa, mavazi na ukumbi wenyewe.

Makosa matatu hurudi katika kila kikundi. La kwanza, mwigizaji anaishusha sauti mwishoni mwa sentensi, na katika sentensi zenye mizani jambo zito liko huko mwishoni. Mfanye aseme neno la mwisho la kila sentensi huku akipiga hatua moja mbele. Akiacha hatua, nguvu inabaki. La pili, wanaomsikiliza Karama hawasikilizi, wanangoja zamu. Wape kazi: kila mmoja achague sentensi moja ya Karama inayomuuma na abadilishe mkao hapo. La tatu, Majivuno anachezwa kama mtu mbaya wa vichekesho. Akiwa mjinga, kesi haina hatari. Acheze mtu anayeamini kwamba anaiokoa nchi.

Msimamizi wa jukwaa awe na daftari moja lenye hati upande wa kulia na, kushoto, kila amri ya taa, ngoma na kuingia, kwa namba. Amri itolewe mara mbili: "Taa 14, tayari", kisha "Taa 14, sasa". Kuanzia mazoezi ya mavazi kamili, yeye ndiye mwenye ukumbi. Mwongozaji anakaa safu ya mwisho na kuandika.

Siku ya onyesho

Saa tatu kabla: kaza bolti, washa kila taa, jaza jenereta, fungua milango yote ya dharura na ujaribu kutoka kwa miguu yako. Njia ya katikati ya viti isipungue mita 1.1. Kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi kiwe karibu na meza ya umeme, kwa kuwa maji hayafai hapo. Saa moja na nusu kabla: waigizaji wapashe miili na sauti, kisha wapitie viungo vyote vya mahakama kwa kasi mara mbili ya kawaida. Dakika 30 kabla, milango ya watazamaji ifunguliwe.

Usiweke mapumziko. Soda na karanga ziuzwe kabla. Kesi ikikatwa katikati, Majivuno anapumzishwa pamoja na watu, na dakika ishirini zinazofuata ni za kuwasha moto upya.

Asubuhi za shule zina kanuni zake. Zianze saa 4:00, mabasi yaambiwe 3:15. Mwalimu mmoja akae kila mwisho wa safu. Wanafunzi watashangilia Karama akimjibu Majivuno, na waigizaji wasishindane na kelele hizo: wasubiri zishuke hadi nusu, ndipo waendelee. Baada ya onyesho tenga dakika 20 za maswali jukwaani, Majivuno akiwa bado amevaa joho, kwa maana maswali mengi yatakuwa yake.

Usiku huohuo msimamizi aandike muda wa kila sehemu. Sehemu iliyoongezeka dakika mbili kutoka onyesho la kwanza hadi la tatu ina mwigizaji aliyeanza kufurahia makofi. Iitwe mazoezini kesho yake asubuhi, nusu saa tu, kabla ya mabasi kufika.